Mifuko Kumi na Miwili

Anayekuja kwangu Kamembe, Rwanda, hupanda ngazi tatu kabla ya kugonga mlango, na wengi huzitazama mara mbili. Si mawe wala matofali. Ni mifuko ya saruji iliyogeuka jiwe ikiwa bado mifuko: mikunjo ya karatasi ipo, pembe zilizobonyea zipo, na kwenye mmoja kuna tundu la kidole changu cha shahada, limeganda hivyo hivyo. Jumla ni kumi na miwili. Sita ndiyo ngazi, minne inazuia udongo nyuma ya choo, miwili imebeba tangi la maji. Watoto wa jirani hudhani ni ubunifu wa fundi, nami sijawahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba niliipoteza usiku mmoja wa Aprili, na nilikuwa nimeambiwa.

Niliambiwa kwa simu, tena kwa adabu. Saa kumi na moja jioni tangazo liliingia kwenye kundi la WhatsApp la mudugudu, yaani kijiji chetu: mvua nyingi yenye radi na upepo mkali, usiku kuamkia kesho, upande wa magharibi wa nchi. Chini yake mkuu wa mudugudu aliongeza ya kwake: tukaze mabati, tuzibue mitaro, tusiwaache watoto wavuke vijito. Nililisoma nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye saruji yenyewe, niliyoipanga chini ya kibanda cha kuegemeza nikimngoja fundi aje kuanza chumba cha uani. Nikarudisha simu mfukoni.

Sikuwa mjinga, nilikuwa nimechoka. Tangu Machi ianze, matangazo ya aina hiyo yalikuwa yamekuja mara tatu. Mara ya kwanza niliazima shitingi kwa jirani, ile plastiki ngumu ya kufunikia, nikafunika, nikabana kwa mawe. Usiku ukapita mkavu. Mara ya pili nikafanya vile vile, yakadondoka manyunyu. Mara ya tatu, nilipokuwa nikirudisha shitingi asubuhi jua likiwaka, mke wa jirani alinipokea mlangoni akicheka: “Shemeji, hiyo mvua yako imepotea njia?” Mtu anaweza kuvumilia hasara, lakini kuchekwa ni kitu kingine. Mara ya nne sikuazima.

Ilikuja kama saa nane za usiku. Upepo ulitangulia, ukapita juu ya nyumba kama lori lililokatika breki, kisha nikasikia bati la kibanda likipiga kofi mara moja, mara mbili, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonieleza kwamba limeondoka. Nilitoka asubuhi. Mifuko ilikuwa imekaa kama nilivyoipanga, mitulivu kabisa, haina hata mmoja ulioanguka. Nilipobonyeza wa juu, kidole kiliingia kama kwenye ugali uliopoa. Wa chini ulishakataa. Fundi alipofika aliugonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akasema, “Hii imeshajijenga yenyewe.”

Hasira yangu ya kwanza iliwaendea watabiri. Nilijiambia kwamba kama wasingedanganya mara tatu, ningewaamini mara ya nne. Hoja hiyo niliibeba kwa miezi, nikiwasimulia watu sokoni na kwenye foleni ya mpaka wa Rusizi ya Kwanza, na karibu wote walinikubalia. Hiyo ndiyo hatari ya hoja mbovu yenye huzuni ndani yake: hakuna anayetaka kukupinga.

Kilichonigeuza ni neno. Sisi watu wa Kamembe tunaishi kati ya lugha. Asubuhi Kinyarwanda, sokoni Kiswahili, ng'ambo ya daraja, Bukavu huko Kongo, Kiswahili chao kilichokolezwa Kifaransa. Kwa Kiswahili tunasema utabiri wa hali ya hewa, na utabiri ni kazi ya mtabiri. Mtabiri tunamjua: ama kasema kweli, ama ni mwongo, hana njia ya tatu. Kinyarwanda hakimwiti mtu huyo mtabiri. Kinasema iteganyagihe, na ndani yake kuna guteganya, yaani kupanga, kuweka mambo tayari kabla ya wakati. Neno hilo nimelisikia redioni tangu utotoni bila kulifungua nikaangalia ndani. Lilikuwa haliniahidi mvua. Lilikuwa linaniambia nipange.

Tangu hapo nikaanza kusoma matangazo kama mtu anayesoma mkataba, neno kwa neno. Meteo Rwanda, mamlaka ya hali ya hewa ya nchi, hutoa pia makadirio ya siku kumi kumi: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, kisha zilizobaki. Hutaja milimita za mvua, na upepo kwa mita kwa sekunde. Nilikuwa nikizipita tarakimu hizo kama mtu anayepita kaburi la asiyemjua. Siku moja nilichukua kalamu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Kibanda changu kina mita 6 kwa 4, yaani mita za mraba 24. Milimita 50 zikimwagika juu yake ni lita 1,200. Jerekani zetu za njano zinachukua lita 20: kwa hiyo ni jerekani 60, zote zikitiririkia upande mmoja, ule ule nilioweka saruji kwa sababu bati limeinama huko. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Ni mwendo wa moto, pikipiki ya abiria, kwenye barabara mbaya. Sasa nilijua kitakachogonga bati langu kina kasi gani, na misumari minne niliyoipigilia niliiona ilivyokuwa michache.

Hakuna mtaalamu wa Kigali ambaye angeweza kuniambia hayo. Yeye hajui bati langu limeinamia wapi. Tangazo linasema “magharibi mwa nchi”, na magharibi hiyo inaanzia Rubavu chini ya volkano mpaka Bugarama kwenye mpunga. Linafika mlangoni likiwa nusu, na nusu ya pili haiko kwenye simu.

Chukua Bugarama yenyewe. Kamembe tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Bonde la Bugarama liko chini sana, na huko ndiko mahali pa chini kuliko pote Rwanda, kama mita 950. Mvua ikinyesha milimani kuelekea msitu wa Nyungwe, mto Rubyiro unaishusha mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Mkulima wa huko anaweza kufurikiwa chini ya anga lenye nyota. Akisubiri tone limdondokee kichwani ndipo aamini tangazo, atakuwa amesubiri kitu ambacho hakikupangiwa kuja kwake.

Shemeji yangu anayeishi Dar es Salaam alinitumia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nikazipenda kwa jinsi zilivyogawanya mambo. Wenzetu hawana neno moja la kutisha watu. Wana angalizo, rangi ya njano. Tahadhari, rangi ya chungwa. Na tahadhari kubwa, nyekundu. Chini yake huandika mambo mawili yasiyofanana: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari likitokea. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari ikawa kubwa. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nimejikwaa. Mtu akikuambia uwezekano ni tatu kwa kumi, maana yake katika siku kumi za namna hiyo, saba utalala mkavu. Zile saba si uongo, ndizo alizokuambia.

Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kikielekea pwani ya Tanzania. Watu walitahadharishwa, kikapungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu, na utani niliouona mtandaoni ulikuwa ule ule wa mke wa jirani yangu, ila kwa sauti ya taifa zima. Mei 2024 kikaja Hidaya. Boti za kwenda Zanzibar zikasimamishwa, kikapiga Mafia tarehe 4, na usiku huo kikafifia. Msafiri aliyelala bandarini na mabegi yake alikuwa na haki ya kununa. Hakuwa na haki ya kusema amedanganywa. Waliowahi kuonja tofauti hawapo kusimulia: Aprili 1872 kimbunga kiliifikia Zanzibar bila mtu wa kutuma habari, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuzamisha vyombo vilivyokuwa bandarini.

Huku kwetu hatuna bahari. Tuna milima, na milima ni bahari iliyosimama wima.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliyoshuka kaskazini na magharibi mwa Rwanda iliua watu zaidi ya 130. Mto Sebeya ulipanda nyumba za Rubavu. Huko Karongi, Rutsiro na Ngororero ni milima yenyewe iliyoteremka, na iliteremka watu wakiwa wamelala. Sisi Kamembe, kusini kabisa mwa Ziwa Kivu, tulisikia habari tukiwa na chai mkononi. Kesho yake, Alhamisi, ikawa zamu ya ng'ambo. Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, vilifunikwa na maji yaliyobeba mawe makubwa. Waliokufa walizidi 400. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mimi ni mtu wa soko, najua soko lilivyo mchana: mama ameshatandika nyanya, mwenye deni amekuja kulipa, gari la mwisho bado halijajaa. Hata tangazo kamili likifika saa nne asubuhi, nani analiambia soko lifungwe? Swali hilo naliona kubwa kuliko swali la kama tuna rada ya mvua.

Bangladesh ililijibu kwa namna yake. Mwaka 1970 kimbunga kimoja kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Mwaka 2007 kimbunga Sidr, nacho kikali mno, kiliua zaidi ya 3,000. Ni wengi, lakini si wale. Katikati ya miaka hiyo walijenga nyumba za kukimbilia, na wakafunza watu wa kujitolea kupita vijijini na bendera na vipaza sauti, kugonga mlango hadi mlango. Simu inasema na sikio. Anayegonga mlango wako anakungoja utoke. Sisi tuna isibo, kaya chache zinazojuana kwa majina na kwa madeni, na tuna umuganda, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya kuzibua mitaro. Mfumo tunao. Tunachokosa mara nyingi ni mtu mmoja anayekubali kuchekwa asubuhi.

Kuna jambo jingine lililonifanya niwapunguzie hasira watu wa Meteo. Mtaalamu wa mvua anategemea kumbukumbu. Ili aseme mvua hii si ya kawaida, lazima ajue ya kawaida ni ipi, na hiyo inatokana na mtu aliyeamka kila asubuhi, miaka na miaka, akasoma kipimo cha mvua na kuandika daftarini. Kamembe tuna kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yalinyamazisha vituo vingi nchini, na kwa miaka kama 15 kumbukumbu ya mvua ya Rwanda ina pengo. Baadaye wataalamu wa hapa pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliliziba kwa kuunganisha picha za setilaiti na vipimo vichache vilivyosalia. Bugesera, pale Maranyundo, sasa kuna rada. Nikisikia mtu akisema “hawa hawajui kitu”, namkumbuka msomaji wa kipimo ambaye asubuhi moja hakuamka kuandika.

Lakini sikutaka kuishia kwa wataalamu. Nilishuka ziwani.

Wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu ya maji, wakiimba ili makasia yaende sawa. Mzee mmoja ambaye ameacha kuvua lakini hajaacha kukaa ufukweni alinikaribisha kwenye gogo lake. Nilimuuliza kama anaamini matangazo ya simu.

“Yale ni ya kwangu pia,” alisema. “Lakini kwanza natazama Bukavu.”

Akanionyesha. Usiku taa za Bukavu zinaonekana zote ng'ambo, mtaa juu ya mtaa. Mvua inapotoka Kongo, taa huzimika kuanzia juu mlimani, safu baada ya safu, kama mtu anayeshusha pazia. Zikifika zile za karibu na maji, una muda wa kuvuta wavu na kugeuza, si zaidi.

“Na ile ya Nyungwe, mzee?”

Alicheka. “Mwanangu, ile ya Kongo ni mgeni wa heshima, unamwona akivuka maji. Ile ya Nyungwe inaingilia jikoni.”

Yaani inatokea nyuma yetu, mgongoni mwa kilima, ambako mtu wa ziwani hana macho. Na ukanda huu mawingu makubwa ya radi mara nyingi husukumwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ile ya jikoni si ya nadra. Ndiyo maana mzee anabeba simu. Anachokiona mwenyewe hamuulizi mtu. Asichokiona ndicho anachokitafuta kwenye ujumbe. Sijawahi kusikia maelezo bora ya kazi ya setilaiti.

Radi alinifundisha kuihesabu, ingawa shuleni niliwahi kuisoma nikaifaulu na kuisahau. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde. Kila tatu mpaka ngurumo ni kilomita moja. Ngurumo ikikukuta hujafika 30, iko ndani ya kilomita 10, na huo ni umbali wa kukupata: toka majini, ondoka chini ya mti, ingia ndani ya gari au nyumba imara. Ikinyamaza, ngoja nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa mvua ikishapungua, wamekwenda kuanua nguo. Na hatukai mahali pa mzaha. Utafiti wa setilaiti uliotolewa 2016 ulikuta kwamba mashariki mwa Kongo, mahali walipopataja kwa jina la Kabare, pana radi nyingi kuliko popote Afrika, na duniani panazidiwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Bibi yangu, radi ikianza, alifunika kioo kwa khanga, akazima redio, akatuita tukae katikati ya nyumba mbali na mlango, na hakuruhusu mtu kugusa maji. Nilipokuwa kijana niliyacheka yote kwa sababu ya kile kioo. Kioo hakina kosa, ni kweli. Lakini matatu mengine alikuwa sahihi, na mimi kwa kucheka moja nilitupa manne. Kinachonikera zaidi ni ile imani ya radi ya kutumwa, kwamba kuna jirani aliyeiagiza. Machi 2018 radi ilipiga kanisa la Waadventista wilayani Nyaruguru, ikaua watu 16 waliokuwa kwenye ibada. Ukianza kutafuta aliyetuma, hutapata muda wa kuuliza kama paa lilikuwa na kinga radi, yaani ule waya wa kuishusha ardhini. Nimeuliza swali hilo kwenye nyumba tatu za ibada hapa mjini. Moja walinijibu. Mbili walinitazama kama niliyeonyesha upungufu wa imani.

Mke wa jirani bado ananiita mtu wa mvua. Juzi ujumbe ulipoingia, nilimwona akichungulia juu ya ukuta kuona kama nimeanza kufunika, kisha akaanua nguo zake. Hakusema kitu, nami sikusema.

Shitingi yangu mwenyewe niliinunua soko la Kamembe wiki ile ile saruji ilipoganda, mita sita. Nimeanza kuandika nyuma ya mlango kila ninapoitandika. Hadi jana ni mara 19. Mvua ya maana ilikuja mara nne. Bado haijatoboka.